Balozi, mwenye mamlaka kamili au plenipotensiari: uandike lipi?

Balozi mpya akishawasilisha hati za utambulisho Ikulu ya Nairobi, dawati la habari za Kiswahili huletewa kazi ileile ndogo yenye kero. Taarifa imeandikwa kwa Kiingereza, na cheo cha mgeni kimeanikwa chote: Ambassador Extraordinary and Plenipotentiary. Neno la kwanza ni jepesi. Hayo mawili yanayofuata ndiyo humkunisha mhariri kichwa, na saa ya matangazo haimngoji. Kero hiyo humkuta pia mfasiri wa mikataba kule Gigiri, yaliko mashirika ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, mwalimu wa historia anayefundisha mkutano wa Vienna, na mwanafunzi wa sheria aliyelikuta neno kitabuni akakosa wa kumuuliza.

Yapo matatu ya kuchagua: balozi peke yake; mwenye mamlaka kamili, likitanguliwa na balozi, mjumbe au mwakilishi; na plenipotensiari, neno la mkopo lililovalishwa tahajia ya Kiswahili. Kila moja lina wanaolitetea, na nimesikia likitetewa kwa sauti ya juu.

Vipimo

Nayapima kwa mambo manne. Kwanza, neno linabeba kiasi gani cha maana ya kisheria. Pili, abiria aliye ndani ya matatu na redio imefunguliwa atalielewa pale pale au litampita? Tatu, upana wake: je, linamfaa mjumbe wa mwaka 1648 na wa leo, mwenye cheo kikubwa na mwenye cheo kidogo? Nne, linakwaza wapi, maana kila moja kati ya haya lina shimo lake.

Kipimo cha kwanza hakipimiki bila kujua neno lenyewe, plenipotentiary, limetoka wapi, kwa hiyo tuanzie huko.

Asili yake

Kilatini kina plenus, yaani -liojaa, na potentia, yaani nguvu au uwezo. Kilatini cha Zama za Kati kikayaunganisha kuwa plenipotentiarius, na Kiingereza kikalipokea katika karne ya 17. Wazo lakini ni kongwe kuliko neno. Wanasheria wa Ulaya wa karne ya 12 na 13, walipokuwa wakiifufua sheria ya Kirumi, walitenganisha watu wawili. Wa kwanza ni nuncius, tarishi tu: anafika, anasema alichotumwa, anarudi. Azo, mwanasheria wa Bologna, alimhesabu mtu huyo kuwa anashika nafasi ya barua. Wa pili ni procurator aliyepewa plena potestas, mamlaka kamili. Huyu alijadiliana, akakubali au akakataa, akatia muhuri. Na aliyemtuma akafungwa na muhuri huo ingawa hakuwepo.

Ukitaka kuiona tofauti upesi, mfikirie mshenga. Kuna anayetumwa na jibu mdomoni, akitajiwa mahari nyingine hana budi kurudi nyumbani kuuliza. Na kuna aliyeambiwa, "Nenda, utakachokubali huko na sisi tumekikubali." Huyo wa pili ndiye tunayemtafutia jina.

Na mamlaka hayo hayakuwa mchezo. Mwaka 1201 mabwana wa Ufaransa waliokuwa wakijiandaa kwa Vita vya Msalaba waliwatuma Venice wajumbe sita wenye uwezo wa kuwafunga. Wajumbe wakaagiza merikebu za watu 33,500, pamoja na farasi 4,500, kwa bei ya marki 85,000 za fedha. Mwaka uliofuata waliofika Venice walikuwa kama theluthi moja ya hesabu hiyo, lakini deni lilibaki lilivyoandikwa. Deni hilo ni mojawapo ya sababu zilizowapeleka hadi Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao, wakauteka mwaka 1204. Yote yalianzia kwenye mihuri ya watu sita ambao hawakuwa wafalme wala makabaila wakubwa.

Barua zilipokuwa zikichukua wiki au miezi njiani, mjumbe wa namna hiyo alikuwa wa lazima. Nicholas Trist ni mfano ninaoupenda. Alikuwa karani mkuu katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, akapelekwa Meksiko mwaka 1847 kutafuta amani. Rais Polk akabadili nia, akamwita arudi. Barua ilipomfikia, mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri. Trist akabaki, akatia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo tarehe 2 Februari 1848. Polk alimkasirikia sana, lakini mkataba ulikuwa na mambo aliyoyataka, akaupeleka Seneti ukaidhinishwa mwezi wa Machi. Trist hakuwa balozi. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Leo mamlaka kamili ni karatasi. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ulioanza kutumika mwaka 1980, unaieleza kuwa hati itokayo kwa mamlaka husika ya nchi, ikimtaja mtu au watu wa kuiwakilisha nchi hiyo katika kujadili, kukubali au kuthibitisha maandishi ya mkataba, au kueleza ridhaa ya kufungwa nao. Maneno ya hati yenyewe ni makavu, kwa mfano: "Mimi, fulani, Waziri wa Mambo ya Nje, nampa fulani mamlaka kamili ya kutia saini, kwa niaba ya Serikali, mkataba uliotajwa hapa." Chini yake saini, tarehe, muhuri. Basi. Kiongozi wa nchi, kiongozi wa serikali na waziri wa mambo ya nje hawaihitaji, kwa sababu ya nafasi zao. Balozi je? Kwa nafasi yake anaruhusiwa kuyapitisha maandishi ya mkataba kati ya nchi yake na nchi aliyopo. Akitaka kuusaini, kwa kawaida huonyesha hati.

Soma tena hapo. Mtu ambaye cheo chake kinatamka kwamba ana mamlaka kamili huombwa karatasi nyingine ya kuonyesha kwamba anayo! Zamani cheo na karatasi vilikwenda pamoja. Siku hizi vimeachana, na neno limebaki pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kuchagua Kiswahili chake, jiulize sentensi yako inazungumzia kiti au kalamu. Kiti ni cheo cha mtu ubalozini. Kalamu ni uwezo wake wa kuifunga nchi kwa saini. Wengi wanaogombana kuhusu tafsiri hii wanagombana kwa sababu mmoja anasema kiti na mwenzake anasema kalamu.

Balozi

Maana ya kisheria: linabeba kiti, na linakibeba vizuri. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi unawagawa wakuu wa balozi katika madaraja matatu: mabalozi na mabalozi wa Papa, kisha wajumbe na wenzao wa daraja hilo, kisha wale wanaokabidhiwa shughuli za ubalozi. Daraja la kwanza na neno letu vinaoana bila kusukumwa. Kuhusu kalamu, balozi halisemi lolote.

Msikilizaji: hapa halina mpinzani. Ni neno lililokaa pwani muda mrefu, na lilifika kwa safari ndefu. Waveneti walikuwa na mwakilishi wao Istanbul aliyeitwa bailo, kutoka Kilatini baiulus, mbeba mizigo. Waturuki wakalitamka balyos, likapita Ghuba na kufika kwetu. Karne ya 19 waliokuwa wakiitwa balozi Unguja ni makonseli: Marekani ilimweka wake mwaka 1837, Uingereza mwaka 1841. Ndiyo sababu hadi leo konseli tunamwita balozi mdogo, na huyo mkubwa akabaki na balozi tupu. Mbeba mizigo si mwenye mamlaka kamili, naam, lakini maneno hayaulizwi vyeti vya kuzaliwa.

Upana: ni mkubwa kwa leo. Nchi za Jumuiya ya Madola hazibadilishani mabalozi kwa jina lile la Kiingereza, zina cheo chao kingine, lakini vyombo vyetu vya habari humwita balozi pia na hakuna anayepotea. Wengi wa mabalozi walioko Nairobi huwa pia wawakilishi wa kudumu katika mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya makazi yaliyoko Gigiri, na balozi linawaenea kwa kofia zote mbili. Kwa wasomaji wa Tanzania tu ndipo linapoweza kuchekesha kidogo, kwa kuwa huko kuna balozi wa nyumba kumi.

Linapokwaza: historia. Benjamin Franklin, mwakilishi wa Marekani kule Paris, mwaka 1778 alikuwa mjumbe mwenye mamlaka kamili, hakuwa balozi. Marekani haikuwa na balozi wa daraja hilo popote hadi mwaka 1893. Ukimwandika Trist kuwa balozi, umempandisha cheo ambacho hakuna aliyempa. Na katika meza ya mkataba wa leo, anayesaini huenda ni katibu wa wizara au mwanasheria wa serikali. Kuwaita wote mabalozi ni kosa la ukweli, si la mtindo.

Linamfaa mtangazaji, mwandishi wa habari za kila siku, na yeyote anayemtaja mtu kwa kiti chake.

Mwenye mamlaka kamili

Maana ya kisheria: hapa ndipo kalamu ilipo. Ni Kilatini kile kile kimefumuliwa na kushonwa kwa Kiswahili, na wala si sisi tu tuliofanya hivyo. Kiarabu husema mufawwadh, aliyekabidhiwa mamlaka. Wasovieti walipofuta cheo cha balozi mwaka 1918 wakiona kina harufu ya ufalme, waliwaita wawakilishi wao kwa maneno yenye maana ya mwakilishi mwenye mamlaka kamili, wakayafupisha kuwa polpred, hadi walipolirudisha jina la balozi mwaka 1941. Kwa Kiswahili lina faida nyingine: hati na mtu vinapata neno moja. Hati ya mamlaka kamili, mjumbe mwenye mamlaka kamili. Mfasiri wa mikataba anajua thamani ya hilo, maana neno likibadilika kutoka kifungu hadi kifungu, wakili wa upande wa pili ataliona kabla yako. Ethiopia na Italia ziligombana vikali juu ya kifungu cha 17 cha mkataba wa Wuchale wa 1889, kwa sababu Kiamhari kilimpa mfalme Menelik wa Ethiopia hiari ya kuitumia Italia katika mambo ya nje, na Kiitaliano kikamwekea lazima. Ugomvi huo uliishia kwenye vita vya Adwa mwaka 1896.

Msikilizaji: anaelewa, na wakati mwingine anaelewa kupita kiasi. Mamlaka kamili ya nini? Mtu wa kawaida akisikia kwamba nchi kubwa imetuletea balozi mwenye mamlaka kamili, anaweza kudhani kaja na amri za kutuamrisha. Masikio ya Nairobi yamezoea mamlaka kuwa chombo chenye meno, kama ile inayotoza kodi. Na balozi mwenyewe, hata akiwa na mamlaka hayo, hupokea maagizo kutoka kwao na siku hizi simu humfikia popote. Kwa hiyo maana inabebwa, lakini na uzito wa ziada ambao hukuuomba.

Upana: kikubwa ni kwamba halijitegemei, lazima litanguliwe na nomino, na nomino hiyo ndiyo inayokuokoa. Balozi mwenye mamlaka kamili, mjumbe mwenye mamlaka kamili, wawakilishi wenye mamlaka kamili: Franklin anaingia, Trist anaingia, waliokaa katika miji ya Ujerumani ya Münster na Osnabrück hadi amani ya Westphalia ya 1648 wanaingia. Hakuna jina jingine kati ya haya matatu lenye kunyumbulika hivyo.

Linapokwaza: kwanza urefu. Kichwa cha habari hakiwezi kulibeba. Pili, lile neno linalotangulia katika cheo cha Kiingereza, Extraordinary. Nimewahi kuona rasimu iliyosomeka "balozi asiye wa kawaida mwenye mamlaka kamili", na aliyeiandika alikuwa makini sana. Asili yake ni kwamba zamani mjumbe aliyetumwa kwa shughuli maalum alitofautishwa na mkazi, akapewa heshima zaidi. Baadaye kila mmoja akaitaka heshima hiyo na tofauti ikafa. Kama hati inalazimisha neno kwa neno, andika balozi maalum mwenye mamlaka kamili. Kama hailazimishi, liache lipumzike. Tatu, tahadhari na waziri. Italia bado ina daraja la wanadiplomasia linaloitwa kwa neno linalofanana na waziri mwenye mamlaka kamili. Kiarabu nacho husema hivyo bila wasiwasi. Kwetu waziri ni mtu wa baraza la mawaziri, kwa hiyo mjumbe ni salama zaidi.

Linamfaa mfasiri wa hati rasmi, mwandishi wa historia, na kila sentensi ambamo swali ni nani alikuwa na uwezo wa kusaini.

Plenipotensiari

Maana ya kisheria: kwa anayelijua, lote limo. Kwa asiyelijua, hakuna kitu ndani.

Msikilizaji: silabi saba, na mtangazaji atajikwaa kwenye ya nne. Hewani silishauri.

Upana: ni nomino kamili, haliombi neno la kutangulia, na wingi wake maplenipotensiari unakaa sawa. Katika sura ya kitabu inayorudia dhana hii kila ukurasa, hiyo ni nafuu kubwa: unalieleza mara moja, kisha unalitumia. Mwanafunzi wa sheria au uhusiano wa kimataifa pia atalitambua atakapolikuta kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, kwa kuwa sura yake haijabadilika sana.

Linapokwaza: linaonekana kama cheo. Msomaji atadhani kuna ngazi serikalini iitwayo hivyo, kama inspekta au meneja, kumbe kinachotajwa ni uwezo aliokabidhiwa mtu. Wapo wanaolipinga kwa sababu tu ni la kukopa. Hoja hiyo siiwezi kuishika, balozi lenyewe tumeliona lilikotoka.

Linamfaa mwandishi wa kitabu cha taaluma na mwalimu anayewaandaa wanafunzi kusoma vyanzo vya lugha nyingine.

Mawili yanayokimbiliwa

Mjumbe maalum huonekana kama njia ya mkato. Tofauti yake ilionekana Unguja mwaka 1873. Sir Bartle Frere alikuja kutoka London akiwa mjumbe maalum mwenye heshima zote, kumtaka Sultani Barghash azuie biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa, Frere akaondoka. Aliyesaini mkataba kwa upande wa Uingereza tarehe 5 Juni mwaka huo ni John Kirk, mwakilishi aliyekuwa akiishi palepale, baada ya Unguja kutishiwa kuzingirwa na manowari. Umaalum ni wa safari. Mamlaka ni ya saini.

Wakili lingefaa sana kwa asili yake, maana ndiye aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Lakini Nairobi ukisema wakili, mtu anawaza Mahakama ya Milimani. Limeshachukuliwa.

Kwa hali yako

Kama unaandika habari ya leo kuhusu mgeni aliyepeleka hati zake Ikulu, balozi latosha, na nchi anakotoka. Msomaji hapungukiwi na kitu. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 132, inampa Rais kazi ya kuwateua mabalozi wetu kwa idhini ya Bunge la Taifa bila kuyataja hayo mamlaka kamili, na bado wanafanya kazi.

Kama unafasiri hati za utambulisho zenyewe, au barua ya ubalozi ambamo cheo kimeandikwa kwa ukamilifu, usikipunguze: balozi maalum mwenye mamlaka kamili, kwa herufi kubwa zilezile zilizo kwenye hati ya asili. Huna ruhusa ya kuamua kipi ni pambo.

Kama kazi yako ni mkataba, weka mamlaka kamili na ulitumie hilohilo toka dibaji hadi mstari wa saini. Kumbuka pia kumweleza msomaji kwamba kusaini sio mwisho. Kwa Kenya, Sheria ya 2012 ya kufanya na kuidhinisha mikataba imeweka hatua zake baada ya saini, ikiwemo kupitia Bunge. Na aliyesaini bila kuwa na mamlaka hayo hajaifunga nchi, isipokuwa nchi yenyewe imthibitishe baadaye.

Kama unaandika historia kwa msomaji wa kawaida, anza na mjumbe mwenye mamlaka kamili, kisha mtaje mtu kwa kazi yake halisi: karani, konseli, askofu, jenerali. Kwa historia ya chuo kikuu, ongeza plenipotensiari mara ya kwanza na uamue kama utaendelea nalo. Mwalimu wa sekondari anaweza kuliandika ubaoni, mradi asilitahini kabla ya kulieleza.

Mkalimani ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa hana muda wa kufuta. Anayeongoza kikao akimtambulisha mtu, sema balozi uendelee. Lakini mjumbe mmoja akimgeukia mwenzake na kumuuliza kama anaweza kuusaini waraka ule leo au itabidi apige simu nyumbani, hapo usiseme balozi hata kidogo; sema "mamlaka kamili", taratibu, silabi zote.